Vikombe Vitano vya Makene

Kila asubuhi, kabla hawajafika shuleni, Nyanzobe na mdogo wake Makene walisimama kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya njia ya ng'ombe. Makene alivua begi na kutoa daftari lake la Hisabati. Nyanzobe alichuchumaa, akaliweka daftari juu ya goti, akaandika majibu yote ya kazi ya nyumbani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulimpa tarakimu zilizopinda, zile za mtoto wa darasa la pili. Yeye alikuwa darasa la sita, na hesabu za mdogo wake hazikumchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu.

"Umemaliza?" Makene aliuliza huku akitazama nyuma.

"Nimemaliza. Ukiulizwa nani kaandika, unasema nini?"

"Mimi."

"Haya, twende."

Ndivyo walivyoishi tangu shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu, na mvua zilikuwa zimekolea bondeni Momba. Mto ulikuwa umefura, majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa pomoni, na njia yote ilikuwa tope tupu. Usije ukadhani Nyanzobe alikuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa msichana msikivu, mchapakazi, asiyesukumwa kwa fimbo wala kwa maneno. Lakini alikuwa na hofu moja iliyomkaa rohoni, na hofu hiyo aliipata nyumbani kwao.

Baba yao, mzee Jilala, alikuwa mfugaji. Alitoka Usukumani na ng'ombe wake akitafuta malisho, Nyanzobe akiwa hajazaliwa bado. Jioni moja ya Januari, baada ya kula, alisema neno ambalo hakulirudia, maana Jilala hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Mvua zikikatika, ng'ombe wanahamia kambi ya mbali. Nahitaji mtoto mmoja wa kuwafuata. Makene akionekana darasani haambulii kitu, basi ndiye atakayekwenda. Kukaa shule bure kuna faida gani?"

Makene, mtoto wa miaka minane, alimgeukia dada yake akamtazama. Kambi hiyo ilikuwa mwendo wa siku mbili. Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani alirudi kutoka huko akiwa ameumwa na nyoka, na mguu wake haujanyooka mpaka leo. Hapo ndipo Nyanzobe alipojiapiza moyoni kwamba mdogo wake hataonekana mjinga, liwalo na liwe.

Na ukweli ni kwamba Makene hakujua kuhesabu. Hapa sharti nieleze vizuri, kwa sababu ungemsikia ungebisha. Makene alitaja namba kuanzia moja hadi mia bila kukwama. Aliweka mikono nyuma, akafumba macho, akatiririka mpaka mwisho, na wageni wakampa karanga kwa furaha. Lakini ukimwekea maharage saba mbele yake na kumuuliza ni mangapi, alitaja namba yoyote iliyomjia, tisa au kumi na mbili, kisha akakutazama usoni aone kama amepatia.

Chanzo chake kilikuwa palepale nyumbani. Bibi, mama yake Jilala, alilinda mwiko mmoja aliourithi kwa wazee wake: chochote chenye uhai kisihesabiwe. Ng'ombe hawahesabiwi, vifaranga hawahesabiwi, na watoto wa nyumba ndio usithubutu kabisa. Jilala mwenyewe aliwajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe, akasimama mlangoni mwa zizi jioni na kujua papo hapo nani hajarudi. Siku moja Makene, akiwa na miaka minne, aliwanyooshea vifaranga kidole na kuanza, "Moja, mbili..." Bibi akakipiga kile kidole.

"Unawaitia mwewe?" alimkaripia.

Tangu siku hiyo Makene alitaja namba akiwa ameficha mikono nyuma. Namba zikabaki mdomoni, kidole hakikuzijua. Nyanzobe aliwahi kujaribu kumfundisha kwa maharage, lakini mtoto alilia, na kazi ya kupika ilikuwa inamngoja. Kumwandikia majibu kulikuwa kwepesi zaidi.

Jumanne moja mambo yalianza kwenda mrama. Wakati wa mapumziko, Enesi, rafiki yake anayekaa naye dawati moja, alimvuta pembeni.

"Nyanzobe, umesikia? Ijumaa kuna kikao cha wazazi wa darasa la pili. Kila mtoto atahesabu mbele ya mzazi wake."

"Makene anajua kuhesabu," Nyanzobe alijibu harakaharaka.

Enesi alimtazama. "Mimi nakuona pale kichuguuni kila siku. Sijamwambia mtu. Ila Ijumaa utamwandikia kwa mkono upi?"

Nyanzobe aligeuka akarudi darasani. Mchana alipokwenda bombani kunawa mikono, alimkuta Mwalimu Tumpale amesimama pale, kana kwamba alikuwa akimngoja. Mwalimu Tumpale alikuwa mwalimu wa Makene, mwanamke wa milimani Ileje, mpole wa sauti, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyanzobe, mdogo wako kwenye daftari hakosi hata swali moja. Ubaoni hapati hata moja. Unaweza kunieleza?"

"Anaogopa ubao, mwalimu."

Mwalimu alimtazama mpaka Nyanzobe akainamisha macho.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ijumaa baba yenu aje."

Nyanzobe aliporudi nyumbani siku hiyo alikuta jambo jingine. Mdogo wao wa mwisho, Happy, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameshikwa na kuharisha. Mama alikuwa amempeleka zahanati ya kijiji mchana, na Daktari Boazi akampa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Mama alichanganya ya kwanza mwenyewe, na kufikia usiku Happy alikuwa amechangamka kidogo. Wote wakashukuru Mungu.

Asubuhi ya Jumatano jirani alipita mbio akisema kingo za majaruba upande wa mtoni zimeanza kukatika. Mama alichukua jembe papo hapo. Jilala naye alikuwa uani akiwafunga kamba madume mawili ya kupeleka mnadani. Mama alimwita Makene.

"Wewe unatoka shule mapema. Ukifika, ile dawa ya jana utaimwaga, maana ikishachanganywa haikai zaidi ya siku moja. Chukua jagi safi, mimina pakiti moja, halafu vikombe vitano vya maji yaliyochemshwa, yale ya kwenye chungu. Vitano. Bibi haoni vizuri, yeye atakuwa anamnywesha tu."

"Vitano, mama," Makene alisema. Akaweka mikono nyuma. "Moja, mbili, tatu, nne, tano."

"Unaona?" Mama alimwambia Jilala kwa fahari. "Huyu daftari lake lote ni alama za vema. Kutoka ukurasa wa kwanza."

Jilala aliinua uso, akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumtazama Makene namna ile.

Nyanzobe alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi: mama, asichanganye yeye. Lakini baba alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na baba angeuliza kwa nini. Akafunga kinywa. Alijifariji kwamba vikombe vitano si kitu, hata mtoto wa chekechea anavimudu. Wakatoka kwenda shule, na kule kichuguuni akaandika majibu kama kawaida, ila safari hii kalamu ilimteleza mara mbili.

Siku hiyo hakuelewa somo hata moja. Mawingu yalitanda kuanzia saa nne, meusi, yakashuka chini kabisa juu ya mpunga. Saa sita kengele ya madarasa ya chini ililia. Kupitia dirishani alimwona Makene akivuka uwanja, begi likimpigapiga mgongoni. Aliomba ruhusa kwenda chooni, akamkimbilia.

"Makene, ningoje mimi nije nichanganye."

"Unatoka saa tisa. Happy atakunywa nini?"

Alikuwa na haki, na Nyanzobe alijua ana haki. "Basi hesabu polepole," alimwambia.

"Sawa, dada," Makene alisema, akaondoka akijirudia, "Moja, mbili, tatu, nne, tano."

Hesabu polepole. Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto asiyejua kuhesabu? Nyanzobe alirudi darasani na kukaa, na kila alipotaka kusimama aombe ruhusa ya kwenda nyumbani, alijiuliza atamwambia mwalimu sababu gani. Akabaki amekaa mpaka saa tisa.

Alipokaribia nyumbani aliona jambo moja lililomfanya apunguze mwendo. Kulikuwa kimya. Happy alikuwa mtoto wa kulia akiumwa, na kilio chake cha jana kilisikika mpaka njiani. Sasa hakikusikika. Nyanzobe alivuka uwanja mbio.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, macho yake yenye ukungu yakiangalia pasipo kitu, Happy akiwa mapajani. Jagi na kikombe vilikuwa kando yake. Makene alikuwa amejikunyata ukutani.

"Ni wewe, mayu?" Bibi aliuliza. Mayu ndivyo alivyowaita wanawake wote wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo. "Huyu mtoto ana kiu ya ajabu. Kadiri ninavyompa ndivyo anavyotaka. Ametapika mara kwa mara. Sasa amelegea, hata kulia halii tena."

Nyanzobe alipiga magoti. Midomo ya Happy ilikuwa imekauka na kupasuka. Ngozi ilikuwa ya moto. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumfuata dada yake. Nyanzobe aliinua jagi, akaonja. Chumvi ilimchoma ulimi mpaka akatema.

"Makene," alisema taratibu, kwa sababu alihisi akipaza sauti atapiga yowe, "nionyeshe ulivyopima maji."

Makene aliinuka. Alichukua kikombe kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka nyuma kama kawaida yake. Akachota kikombe cha kwanza kutoka chunguni, na wakati maji yakimiminika ndani ya bakuli kinywa chake kilisema, "Moja, mbili." Akachota cha pili. "Tatu, nne, tano." Akaweka kikombe chini, akamtazama dada yake usoni aone kama amepatia.

Vikombe viwili. Pakiti nzima ndani ya vikombe viwili, na mtoto ameinywa mchana kutwa.

Sasa nitakuambia alichofanya Nyanzobe, ingawa mwenyewe baadaye alikisimulia kwa aibu. Alichukua jagi akalimwaga lote jaani. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa la kuficha. Asijue mama, asijue baba, Makene asiende kambini. Alikuwa bado ameshika jagi tupu wakati mkono mdogo wa Happy ulipotikisika wenyewe, ukakakamaa, ukalegea tena.

"Makene, kimbia jarubani kamwite mama. Mwambie aje zahanati," alisema. Akamfunga Happy mgongoni kwa khanga ya Bibi, akatoka mbio.

Matone makubwa ya mvua yalianza kuanguka alipofika njia kuu. Kichwa cha Happy kiligongagonga begani kwake, na kila baada ya hatua chache Nyanzobe alimwita jina. Happy hakuitika. Alipita kichuguu hakukitazama. Alipita shule. Alifika zahanati akiwa hana pumzi, na Daktari Boazi, Mnyiha mmoja mrefu aliyehamia pale kutoka Isansa, alimpokea mtoto mlangoni.

Daktari alimlaza kitandani, akamfunua macho, akabana ngozi ya tumbo, akauliza maswali mfululizo. Anatapika? Tangu lini? Amekunywa ile dawa? Nyanzobe alijibu alivyoweza. Punde mama akaingia akihema, tope limemfika magotini, Makene nyuma yake.

"Nani alichanganya dawa ya leo?" Daktari Boazi aliuliza.

"Huyu mwanangu," mama alisema. "Vikombe vitano, kama ulivyoniambia."

"Una uhakika ni vitano?"

"Daktari, huyu hesabu ni zake. Daftari lake njoo ulione, hakosi hata moja."

Daktari Boazi aliwaza kidogo. "Basi kama dawa ilikuwa sawasawa, maji yanamtoka kwa kasi kuliko tunavyomrudishia. Tumwongezee." Akageukia meza, akachukua jagi lililokuwa na ORS aliyoichanganya mwenyewe, akamimina kwenye kikombe. Mama alimwinua Happy na kumshika kichwa. Daktari akasogea na kikombe.

Nyanzobe alimtazama Makene. Makene alikuwa ameegemea mlango, mikono nyuma, amekodoa macho. Hakujua kosa lake. Hata wakati ule hakujua kwamba alikuwa amekosea, na hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa dada yake. Kikombe kilikuwa kimekaribia mdomo wa Happy.

"Usimpe chumvi tena," Nyanzobe alisema.

Wote waligeuka.

"Havikuwa vitano. Vilikuwa viwili. Pakiti nzima kwenye vikombe viwili. Nimeionja, ilikuwa kali, nikaimwaga ili msijue." Akamgeukia mama yake. "Makene hajui kuhesabu, mama. Anataja tu. Daftari lote nimeandika mimi. Kila siku naandika mimi."

Mama alifumba macho.

Daktari Boazi alikiweka kikombe mezani kwa uangalifu, na sura yake ikabadilika kabisa. "Chumvi imemzidi mwilini," alisema. "Hiyo ni hatari ya aina nyingine, na tiba yake siyo hii niliyotaka kumpa." Alitoa simu akampigia daktari mkubwa wa hospitali, akaongea kwa haraka, akasikiliza, akarudia maelekezo mara mbili. Akamwambia mama ajaribu kumnyonyesha mtoto, kidogokidogo, asilazimishwe. Gari la wagonjwa lilifika baada ya nusu saa, matope mpaka vioo vyake. Mama akapanda na Happy.

Kabla ya kufunga mlango, Daktari Boazi alimwambia Nyanzobe, "Kweli umeisema kwa kuchelewa. Lakini umeisema kabla sijamwongezea. Mwombe Mungu."

Jilala alirudi kutoka mnadani jua likiwa linazama. Nyanzobe hakumngoja aambiwe na mtu mwingine. Alimfuata mlangoni mwa zizi, akamweleza yote kuanzia kichuguuni mpaka jaani. Alisema asimpeleke Makene kambini, kosa si la Makene. Baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alifungua zizi, akaingia katikati ya ng'ombe wake, akakaa humo peke yake. Heri angempiga, Nyanzobe aliwaza. Kimya kile kilimuumiza zaidi.

Alhamisi ilipita bila habari. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika kwa mvua. Bibi hakula, wala hakuwaruhusu watu waliokuja kuuliza hali wakae uani, kwa sababu aliona wanakaa kama watu wa msibani. Makene alimuuliza dada yake, "Happy atakufa kwa sababu yangu?"

"Hapana," Nyanzobe alisema. "Ni mimi." Wakalia wote wawili nyuma ya nyumba.

Ijumaa Jilala alivaa shati lake la kanisani, akaenda kwenye kikao. Nyanzobe alimwona akiingia darasa la pili, akakaa kwenye dawati dogo, magoti yamemfika kifuani. Mwalimu Tumpale hakumwita Makene mbele ya watu. Kikao kilipokwisha alibaki na Jilala na watoto wake wawili, mlango umefungwa.

"Nami nina kosa, mzee," alisema. "Nina watoto tisini na nane humu. Niliona daftari limejaa alama za vema, nikafurahi, sikuuliza mapema. Makene si mjinga. Hajafundishwa kugusa anachohesabu, basi. Watoto wengi wako hivyo, kila mmoja kwa sababu yake."

"Anafundishika?" Jilala aliuliza.

"Nipe Jumamosi moja nyumbani kwako, uone."

Walipotoka tu nje, simu ya Jilala ililia. Mtandao ulikuwa umerudi. Alikuwa mama. Jilala alisikiliza, akaegemea ukuta wa darasa, akawa anasema tu, "Ee. Ee. Ee." Kisha akawaambia watoto, "Ameamka. Amenyonya. Daktari amesema amevuka." Nyanzobe alikaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa.

Jumamosi Mwalimu Tumpale alifika na mfuko wa kokoto. Bibi aliposikia kuwa kuna kuhesabu, alisimama mlangoni akashika fimbo yake.

"Humu hatuhesabu wenye uhai, mwalimu."

"Nami sitawahesabu, bibi," Mwalimu Tumpale alijibu kwa heshima zote. "Nitahesabu kokoto."

Bibi alitafakari. "Kokoto haina pumzi," alikubali, akarudi kukaa, ila masikio ameyatega.

Jioni ng'ombe waliporudi, mwalimu alimsimamisha Makene mlangoni mwa zizi pamoja na baba yake. Jilala alitaja kila ng'ombe aliyeingia kwa jina la rangi yake, na kwa kila jina Makene aliweka kokoto moja kwenye ungo. Jina moja, kokoto moja. Hakukosea hata mara moja, kwa sababu ng'ombe aliwajua kuliko alivyozijua namba. Ndipo mwalimu akammwagia kokoto chini.

"Sasa mikono mbele. Gusa kokoto, isogeze, ndipo useme. Kinywa kingoje kidole."

Makene aligusa, akasogeza. "Moja." Akagusa tena. Kinywa kilitaka kukimbia, mwalimu akamshika kidole mpaka kinywa kikatulia. Alifika kumi na tatu, akachanganyikiwa, akaanza upya. Akachanganyikiwa tena, akaanza upya. Jilala, ambaye hakuwa na subira na mtu, alichuchumaa pale tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kambini nitakwenda mimi na shemeji yangu, mjomba wa hawa," alisema walipomaliza. "Huyu ana kazi hapa."

Happy alirudi nyumbani wiki iliyofuata, amekonda, mkali, akilia kwa sauti ya kumsikia mbali, na hakuna aliyemnyamazisha. Kila jioni Nyanzobe alikaa na Makene na zile kokoto. Ilimchosha. Kulikuwa na siku alitamani sana kuchukua kalamu, dakika mbili tu, yaishe. Hakuichukua.

Baada ya mwezi Makene alileta daftari lenye ukurasa wa kwanza alioufanya peke yake. Baba yake, aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya kambini, aliuliza, "Maswali mangapi?"

Makene aliyagusa moja moja kwa kidole. "Kumi."

"Umekosa mangapi?"

Akagusa tena. "Sita, baba."

"Na uliyopata?"

"Manne."

Jilala aliushika ule ukurasa kwa mikono yote miwili, akautazama muda mrefu, ingawa kusoma hakujui sana. Kisha akamgeukia Nyanzobe.

"Mwanangu, nilioneshwa alama za vema mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sikujua mtoto wangu yuko wapi. Leo nimejua. Yuko kwenye nne. Kutoka hapo tunaweza kutembea naye." Akamrudishia Makene daftari. "Ulifanya kwa kumpenda, nalijua hilo. Nami niliwatisha nyote, hilo nalo nimeliona. Lakini mdogo wako akishindwa jambo, usimfichie. Sema ameshindwa, halafu ukae naye mpaka aweze. Ukificha, siku moja mtu atamtegemea kwa kile asichokijua, na atakayeumia hatakuwa na kosa lolote."

"Nimesikia, baba," Nyanzobe alisema.

Makene alikuwa tayari amefungua ukurasa mpya. Alisoma swali la kwanza, akakwama, akamtazama dada yake usoni. Nyanzobe alimsogezea kokoto, kisha akaikalia mikono yake.